Mrejesho: namba zilizokuwa zikisimbwa zinafanana

Wakuu, niliuliza kwa nini namba moja ya simu, ikisimbwa (ikifichwa kwa ufunguo wa siri) kwa AES, njia maarufu ya usimbaji, kwenye programu ya kikoba chetu hapa Mbagala, inatoa matokeo yaleyale kila mara. Mlisema ni ECB, yaani namna ya kutumia AES inayosimba kila kipande peke yake, hivyo data ileile hutoa matokeo yaleyale, na kweli ndiyo. Nilifungua jedwali nikakuta wanachama wawili wanaotumia simu moja wana safu pacha, herufi kwa herufi. Mwizi asingehitaji hata ufunguo kuligundua hilo!

Nimehamia libsodium, maktaba ya usimbaji, natumia crypto_secretbox yake, ambayo husimba na pia hugundua data ikichezewa. Kila rekodi ina nonsi yake (namba ya kutumika mara moja tu, inayofanya matokeo yatofautiane) ya baiti 24, ya kubahatisha, naihifadhi pamoja nayo. Mwanzoni kompaila iligoma, haikuiona sodium.h, faili la libsodium linalohitajika wakati wa kukompaili; kwenye Ubuntu ilitosha kusakinisha libsodium-dev. Jana nilibadilisha makusudi baiti moja ya rekodi iliyosimbwa, ikakataa kabisa kufungua. Asanteni sana, zile ni taarifa za mama zetu.