Ushauri wadau: Seattle mpaka San Diego kwa siku 8, nipange vipi?

Mtoto wa Kibokoni:
Assalam alaykum na habari zenu wote. Naomba mnisaidie manake kichwa kinaniuma na siku zinakwisha. Mie naishi Minnesota, mwaka wa 9 huu, kazi yangu ya ghalani, na mara hii ndio nimepata likizo ndefu, mwezi wa 6. Nataka kushuka pwani yote ya magharibi: Seattle, Portland, San Francisco, Los Angeles, San Diego, na nikibahatika niguse Las Vegas. Tuko wawili. Tunatua Seattle Jumamosi asubuhi, nakodi gari hapohapo, nalirudisha San Diego Jumamosi ya pili, tunapanda ndege kurudi. Bajeti dola 3,500 kila kitu. Swali langu ni moja tu, hoteli zipi nzuri zisizo ghali na nipite barabara kuu ya I-5 ya ndani au ile barabara namba 1 inayoambaa bahari? Nijibuni haraka tafadhali.

Dereva wa Trela:
Mkuu, mie I-5 naijua kama njia ya kwetu kisimani. Tuhesabu. Seattle mpaka Portland kilomita 280, masaa matatu kama foleni ya Tacoma haijakukamata. Portland mpaka San Francisco ni zaidi ya kilomita 1,000, hapo weka masaa 10 au 11 ya usukani mtupu, hujala hujakojoa. San Francisco mpaka Los Angeles kwa I-5 ni kama 615, masaa sita. Ukipita namba 1 hiyo siku nzima imekwenda, na kule Big Sur mlima una tabia ya kumwagika barabarani, wanafunga miezi na miezi, kwa hiyo kabla hujatoka angalia ramani ya serikali inasema nini. LA mpaka San Diego 190.

Sasa ngoja nikwambie, mpakani mwa Oregon na California kuna mlima Siskiyou, ndio sehemu ya juu kabisa ya I-5 yote, mita kama 1,300. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nashuka upande wa California nimebeba tani za viazi, breki zikaanza kunuka. Ile harufu ukiisikia mara moja huisahau, kama mpira unaungua ndani ya pua yako. Nikaweka gia ndogo, nikashuka polepole kama bibi harusi, watu nyuma wanapiga honi na mie namuita Mungu kwa majina yake yote. Mwezi wa 6 huna shida ya theluji lakini usijifanye shujaa kwenye mteremko.

Mama Samira:
Mwanangu, dola 3,500 ni umra hiyo. Unakwenda kuangalia nyumba za waigizaji wakati Makka unaijua kwa picha? Fikiria hilo kwanza.

Mshi wa Bukavu:
Karibu sana ndugu! Miye niko mu Portland tangu 2015. Usipite hapa kama mwizi, lala hata usiku moja. Kuko maporomoko ya Multnomah, mita 189, dakika 30 tu toka mu mji, utasikia maji mbele ya kuona. Na ukitaka kununua simu ao nguo nunua huku, Oregon hatuna kodi ya mauzo, bei unaona ku kibao njo bei unalipa. Watu wanavuka daraja toka jimbo la Washington kila wikendi juu ya ile tu. Utakula ugali kwetu, usilipe hoteli.

Fundi Saa:
San Francisco usiache begi ndani ya gari hata kama ni la nguo chafu. Kioo kinavunjwa mchana watu wakiangalia. Mie nilikwenda kununua maji tu, narudi nakuta kiti kimejaa vipande kama chumvi ya mawe. Na gari la kuchukulia mji huu ukarudishia mji ule wanakuongezea pesa, uliuliza hilo?

Nesi wa Usiku:
Mleta mada, wote wanakujibu lakini mie nina swali. Huyo wa pili ni nani, na anaendesha? Manake hesabu ya Dereva ukiijumlisha ni masaa zaidi ya 20 ya kukaa kwenye kiti.

Mtoto wa Kibokoni:
Ahsanteni. Haendeshi, naendesha mwenyewe, mie nimezoea shifti ya masaa 12 sina tatizo. Ni mtu wa familia. Naomba turudi kwenye hoteli.

Kijana wa Ubungo:
Mtu wa familia asiyeendesha, asiye na jina, Las Vegas... hongera kaka, tunasubiri picha za harusi 😂

Nesi wa Usiku:
Mtu wa familia wa umri gani? Sikuulizi kwa umbeya.

Mtoto wa Kibokoni:
Ni mama yangu mzazi. Mwaka huu ametimiza 77. Amekuja kutoka Mombasa mwezi uliopita kunitembelea, mara yake ya kwanza kupanda ndege ya masafa marefu namna hii. Na Mama Samira, kwa heshima yote, mama ameshahiji, alikwenda na dada yangu, kwa hiyo hilo tuliache.

Sikutaka kuandika mengi lakini basi. Marehemu baba alikuwa baharia wa meli za mizigo. Mama ana kopo la biskuti, lile la bati, na ndani yake kuna kadi tatu alizoandikiwa na baba kutoka bandari za huku. Moja ya Seattle ina ule mnara wenye kichwa kama sahani, ya 1961. Ya pili San Francisco, daraja jekundu la Golden Gate. Ya tatu daraja la kijani ambalo mie sijui liko wapi, nyuma imeandikwa San Pedro. Kadi hizi nimekua nazo. Tulikuwa haturuhusiwi kuzishika mpaka tunawe mikono. Juzi akiwa kwangu hapa akaniuliza, hizi bandari ziko mbali na kwako? Nikasema tutakwenda. Nimeshamwahidi na hoteli ya San Diego nimeshalipa, haina kurudishiwa. Kwa hiyo safari ipo, ninachotaka ni njia tu.

Dereva wa Trela:
Ewaa! Daraja la kijani la San Pedro ni Vincent Thomas, mie nimelivuka mara hazihesabiki nikienda kuchukua makontena. Ndio bandari ya Los Angeles yenyewe hapo. Lilifunguliwa 1963. Kulikuwa na mpango wa kulifunga wabadilishe sakafu yake, angalia kabla, lakini kuliona huna haja ya kulivuka. Nenda kando ya maji pale jumba la makumbusho ya mabaharia, linaonekana lote.

Nesi wa Usiku:
Mungu amrehemu mzee. Sasa mama wa miaka 77 alikaa kwenye ndege usiku na mchana kutoka Mombasa. Alifika salama? Miguu?

Mtoto wa Kibokoni:
Alifika salama alhamdulillah.

Nesi wa Usiku:
Kaka. Miguu.

Mtoto wa Kibokoni:
Siku ya tatu mguu wa kushoto ulivimba, kuanzia kwenye ugoko. Tulimpeleka, wakasema damu imeganda, amepewa vidonge anakunywa kila siku. Uvimbe umepungua, anatembea, jana amepika mwenyewe samaki wa kupaka. Ndio maana sikusema mwanzoni, nilijua mtaniambia niache. Yeye mwenyewe hataki kusikia habari ya kuacha.

Nesi wa Usiku:
Sikwambii uache. Lakini hili ndilo lilikuwa la kusema kwanza, hoteli baadaye. Damu inaganda kwa kukaa miguu haisogei, na wewe umempangia masaa 10 kwenye gari kwa siku moja. Piga simu kwa daktari aliyempa dawa, muulize kama anaruhusu safari na kwa masharti gani. Orodha ya dawa itembee kwenye mkoba wake sio kwenye simu yako. Vidonge vya aina hiyo, vya kuzuia damu isigande, akianguka akajigonga kichwa unakimbilia hospitali hata kama haoni damu, husubiri asubuhi. Na soma bima yake, nyingi za wageni hazilipi ugonjwa uliokuwepo kabla ya kukata bima. Bora ndege ya masaa mawili, humo anaweza kusimama kila baada ya muda. Mie nahudumia wazee kila usiku, yule anayesema "sina neno mwanangu" ndiye namwangalia mara mbili.

Shahidi wa Macho:
Samahani wadau lakini hii ni chai, tena ina tangawizi. Huo mnara wa Seattle unaitwa Space Needle, ulijengwa kwa ajili ya maonyesho ya dunia na ulifunguliwa 1962. Baba yako aliituma vipi picha yake 1961? Halafu mama ana 77 sasa, 1961 alikuwa mtoto wa miaka 12 au 13, ndio alikuwa anaandikiwa kadi na mumewe? Wenzangu mmejibu kwa machozi mtu anatunga.

Kijana wa Ubungo:
Duh. Hesabu imelala.

Fundi Saa:
Na mie nilijiuliza, kopo la biskuti, kadi tatu, daraja la siri, hii imekaa kama mchezo wa redio.

Mama Samira:
Kama umemtungia mama yako maradhi, utubu leo.

Mshi wa Bukavu:
Hata kama ni ya kutunga, ugali iko. Lakini ajibu.

*(kimya cha siku moja na nusu)*

Mtoto wa Kibokoni:
Nilikuwa kazini, shifti mbili. Nilipotoka nikasoma haya na nikakasirika, sitasema uongo. Nikataka niufute uzi. Lakini Shahidi hesabu yake ni sawa na mie sikuwa na jibu, kwa hiyo nikaenda kwa mama nikamwambia anitolee kadi.

Tumekaa mezani, taa ya jikoni, mie na miwani yake. Muhuri wa posta umefifia, wino umebaki kama vumbi. Kuna 19, kuna 6, halafu kuna mstari uliosimama. Toka utotoni wote tunasoma 61. Mama akaichukua akasema, nani amekwambia 61, hii ni 67, nilikuwa nina mwaka mmoja wa ndoa na nilikuwa na ujauzito wa dada yako. Nikaweka taa ya simu kwa pembeni na kweli, juu ya ule mstari kuna kijialama cha kulala, kikatiza kuelekea kushoto, kimekwisha kabisa kwa kushikwa na vidole. Ni 7. Miaka yote hiyo hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza mwenyewe.

Halafu nikamuuliza la pili ambalo Nesi alinifanya niliwaze. Mama, wewe unataka kuona nini hasa? Nilidhani atasema zote. Akanionyesha ile ya San Pedro. Baba ameandika mistari minne tu, mmoja unasema "maji ya huku baridi hata jua likiwaka." Anasema baba alikuwa anapenda kumtania, na hii hakuwahi kuiamini. Bahari baridi na jua liko kichwani? Anataka aingize mkono.

Shahidi wa Macho:
Nimekuelewa, 67 inakaa. Nisamehe kaka, na umpe mama salamu zangu. Na baba hakuwa anatania. Mkondo wa bahari wa pale unashuka kutoka kaskazini, na maji ya chini yanapanda juu, ndio maana Pasifiki ya California ni baridi mwaka mzima. Mie nimeogea Santa Monica mwezi wa 7, nilitoka meno yanagongana.

Dereva wa Trela:
Sasa tupange kama watu. Portland futa, Las Vegas futa kabisa, jangwani hakuna bandari. Gari la safari nzima futa. Seattle siku mbili, na pale mpandishe feri ya Bainbridge, dakika 35 tu, ananyoosha miguu humo ndani, na kama mnakwenda kwa miguu mnalipa wakati wa kutoka Seattle, kurudi bure. Mtu aliyezoea feri ya Likoni ataona raha, feri haina kusukumana.

Fundi Saa:
Seattle mpaka San Francisco ndege. Daraja jekundu mpeleke Crissy Field, pale ni tambarare hakuna kilima, analiona lote. Na sweta, mwezi wa 6 ukungu unaingia mchana kweupe utadhani alfajiri ya Limuru.

Nesi wa Usiku:
San Francisco mpaka LA kuna treni ya Coast Starlight, haiingii San Francisco yenyewe, mnaipandia ng'ambo ya ghuba, Emeryville au Oakland. Ni kama masaa 12, ndefu, lakini mtu anasimama na kutembea atakavyo, sio kama gari. Wakati wa kukata waambie mama hawezi ngazi, wana viti vya ghorofa ya chini kwa watu kama yeye. Kaeni kulia mkielekea kusini, mchana inaambaa bahari masaa mazima. Lakini hiyo pia daktari aisikie. Akisema 12 ni nyingi, pandeni ndege ya saa moja na kitu mfike.

Mtoto wa Kibokoni:
Daktari nimeongea na ofisi yake, wamenipa Alhamisi. San Diego lakini bado naitaka. Haina kadi, najua. Ni mie ndiye nilitaka kuona ile mbuga ya wanyama toka nikiwa mdogo, na pesa nimeshatoa.

Mama Samira:
Wanyama umetoka Kenya ukawafuate San Diego?

Dereva wa Trela:
Mwacheni. Kutoka LA kuna treni ya masaa matatu hivi, ila uliza kama reli iko wazi, kule San Clemente mlima nao humwagika. Ukiona mama amechoka, bakini San Pedro, hoteli ya San Diego itakusamehe kwa kutokwenda.

Mtoto wa Kibokoni:
Swali la mwisho, ni lake yeye, amesimama hapa nyuma yangu. Anauliza pale penye daraja la kijani kuna pa kukaa, na maji yanafikika au kuna ukuta?

Dereva wa Trela:
Mwambie mama pale pa makumbusho kuna njia sawa ya miguu na mabenchi, daraja liko mbele yake, meli zinapita. Kuna ukingo, mkono haufiki. Kugusa maji mpeleke ufukwe wa Cabrillo, ni hapohapo San Pedro, dakika chache kwa gari, mchanga mpaka majini.

Mtoto wa Kibokoni:
Amesema Cabrillo kwanza, benchi baadaye. Gari nimelifuta asubuhi hii. San Diego bado sijafuta.