Buhongwa: Tunadaiwa mchango wa miundombinu baada ya kumaliza kulipia viwanja

Wakuu, naomba tusidanganywe tena kwamba mchango wa miundombinu hushusha bei ya ardhi. Kampuni iliyotuuzia viwanja upande wa Buhongwa imetuletea barua inayomtaka kila mnunuzi achangie barabara ya moramu na bomba la maji, wakati wengi wetu tulishamaliza awamu zote za malipo, na ofisa wao wa mauzo anatujibu kwa utulivu wa kuudhi kwamba gharama hiyo mwishowe humwangukia mwenye shamba aliyeiuzia kampuni ardhi, kwa kuwa hulipwa bei ndogo zaidi.

Hoja hiyo ina ukweli, ila ina sharti wanalolinyamazia. Mwendelezaji (anayenunua shamba na kulikata viwanja vya kuuza) anayejua mapema kwamba atadaiwa fedha za barabara, mitaro na maji huzitoa kwenye hesabu zake kabla ya kwenda kupatana na mwenye shamba, akampa bei ya chini. Mwenye shamba akikubali, ndiye aliyeubeba mchango. Akikataa na kuendelea kulima mihogo yake, viwanja huadimika na bei hupanda. Huku kwetu mwenye shamba alishalipwa zamani na kuhamia Usagara, kwa hiyo aliyebaki wa kukamuliwa ni mnunuzi, ambaye hati yake wameishikilia mpaka alipe. Uingereza, tozo ya namna hii iliyoanza mwaka 2010 hutozwa kwa mita ya mraba ya jengo jipya, na halmashauri inayoitumia hutangaza viwango vyake mapema, hivyo anayekwenda kununua ardhi anajua cha kukata kwenye bei.

Sisi tumepangiwa kiasi kimoja kwa kila kiwanja. Mama lishe mwenye mita za mraba 400 analipa sawasawa na mwenye 1,200 aliyepakana na barabara kubwa, ilhali kwa mama lishe fedha hizo ndizo zilizokuwa za mabati ya nyumba. Na barabara yenyewe? Greda lilipita mara moja, likakwama kwenye jabali (Mwanza hii, nani hakujua kuna mawe?), na kifusi chake kimefukia bikoni mbili za mipaka ambazo sitashangaa tukiambiwa tulipie kuzirudishia.

Tunataka mchanganuo wa gharama, mchango unaokwenda na ukubwa wa kiwanja, na hati zitolewe kwa waliokwisha kulipa bei ya mkataba. Aliyenunua viwanja vilipoanza kuuzwa atuambie kama mkataba wake una kifungu cha mchango huu. Wangu nimeusoma wote, hakimo.