Machipukizi ya kijani baada ya bunduki ya jeni: nitajuaje kloroplasti imepokea kweli?

Kalunde_Tabora
Wakubwa shikamooni, wengine habari. Kwa anayetaka kubobea katika uhandisi wa jeni za kloroplasti, naona tumbaku ndiyo mmea wa kuanzia, na Tabora tumbaku si haba. Jani likishapigwa kwa bunduki ya jeni plazimidi (DNA ya duara ya kubebea jeni) yenye aadA (jeni ya kukinza antibiotiki za spektinomisini na streptomisini), chipukizi la kijani kwenye spektinomisini linatosha kuwa ushahidi? Na mbegu za wakulima wa Urambo zinafaa?

Chavua
Halitoshi, Kalunde. Spektinomisini huzuia ribosomu za kloroplasti, ndiyo maana jani hupauka. Lakini badiliko la bahati kwenye jeni ya 16S (ya RNA ya ribosomu hizo) nalo huleta ukinzani, chipukizi likawa kijani bila kupokea kitu. Kata kipande cha kila chipukizi, kiweke kwenye spektinomisini pamoja na streptomisini, miligramu 500 kwa lita kila moja. Chenye badiliko hilo hupauka, chenye aadA hubaki kijani.

Kisha PCR (kunakili kipande cha DNA ili kionekane): praima (kipande kifupi cha DNA cha kuanzishia unakili) moja ndani ya jeni uliyopachika, nyingine kwenye DNA ya kloroplasti, nje kabisa ya kipande kilichomo kwenye plazimidi. Zote zikiwa ndani ya plazimidi, DNA iliyoingia kwenye kiini cha seli itakudanganya.

Kijani kisipotokea kabisa, kagua kwanza chembe za dhahabu zinazobeba plazimidi. Chembe za mikromita 0.6 zikigandana huua seli. Jani liwe la mche wa chupani (uliokuzwa maabara bila vijidudu), mgongo, yaani upande wa chini, ukiwa juu. Baada ya kupiga, siku 2 gizani bila dawa, ndipo ukate vipande vya milimita 5.

Mwanamaabara_Kgm
Nakazia hapo. Seli moja ya jani hubeba hadi nakala 10,000 za DNA ya kloroplasti, na bunduki hugusa chache mno, kwa hiyo chipukizi la kwanza ni mchanganyiko. Likate, lichipue upya kwenye dawa ileile mara 2 au 3. Wengi huchoka hapa, na hapa ndipo kazi yenyewe ilipo! Mwisho otesha mbegu zake kwenye spektinomisini: mche mweupe hata mmoja, nakala za zamani bado zipo.

Kuhusu mbegu, maabara nyingi hutumia aina ya tumbaku iitwayo Petit Havana. Ya Urambo ijaribu kwanza kama jani lake linachipua kwenye homoni za mimea, BAP miligramu 1 na NAA 0.1 kwa lita.

Chavua
Na kibali cha usalama wa bayoteknolojia kitangulie, kabla hata plazimidi haijaagizwa.