Eti "video yenyewe inaanza lini?" Wakuu, jana nusura niitupe simu ukutani

Wakuu, leo sina salamu. Mods naomba msiuhamishie uzi huu jukwaa la vichekesho, maana mimi sicheki.

Waliokuwepo kwenye kikao cha mtandaoni jana usiku wanamjua. Simtaji. Nimesema simtaji. Ni yule yule mliyemkabidhi kuongoza skrini kwa sababu intaneti yake haikatiki, utadhani intaneti nzuri ndiyo akili.

Kwa ambao hamkuwepo: jana ilikuwa zamu yangu kuleta kitu cha zamani tukitazame pamoja. Nimeisubiri hii zamu kama mjamzito anavyosubiri siku zake. Wiki iliyopita mtu alituletea tangazo la betri, tukavumilia, tukapiga na makofi. Mimi nikaleta TANGAZO. La British Airways, shirika la ndege la Uingereza, 1989. Lile la sura. Aliliongoza Hugh Hudson, na muziki wake ni zile sauti mbili za kike zinazofukuzana juu kwa juu mpaka unasahau kupumua.

Niwaeleze taratibu, nikikimbia nitalia. Inaanza midomo: kundi la watu waliovaa nyekundu wako majini, ukiwatazama kutoka juu ni midomo. Linakuja sikio. Linakuja jicho. Vyote ni watu, binadamu wenye miguu yao, walioambiwa wewe simama hapa, wewe sogea kule. Wanakutana, wanakumbatiana, sura nzima inatokea. Inatabasamu. Halafu, sauti zile zikiwa juu kabisa, inakonyeza.

INAKONYEZA wakuu! Nilikuwa mtoto, na niliamini kwa moyo wote kwamba imenikonyeza mimi. Sijui hata mlango wa ndege unafungukia upande gani, lakini nimekonyezwa. Wenzangu wanatunza barua za uchumba, mimi natunza konyezo.

Sasa jana. Nimezima taa. Nimevaa hedifoni. Watu wote kimya, hata yule anayekohoaga kila kikao alikuwa amekimeza kikohozi chake. Midomo imepita. Sikio limepita. Jicho ndiyo linajikusanya. Mara namsikia anawasha kipaza sauti, anatafuna kitu, anauliza:

"Sasa video yenyewe inaanza lini?"

Na AKASOGEZA MBELE.

Alidhani ni tangazo! Sawa, ni tangazo, lakini alidhani ni lile tangazo la kabla ya video! Alikuwa anatafuta kitufe cha kuruka, alipokikosa akaburuta kwa kidole. Akalipita tabasamu. Akalipita konyezo. Akaenda kutua kwenye nembo, akasema "ala, imeisha."

Watu wote wale wamejipanga mpaka wakawa jicho, kidole kimoja kimewatawanya. "Video yenyewe inaanza lini." Angenitukana ningemsamehe. Angesema ni baya tungebishana kistaarabu. Lakini inaanza lini? Inaanza LINI? Imeanza 1989 ndugu yangu!

Sijalala. Nikifumba macho naona kile kidole.

SitiYaDirishani: Nimekaa siti ya mbele kabisa. Endeleeni.

KasetiIliyokwama: Nilikuwepo, nathibitisha yote. Ila mleta uzi kuna kitu amekiruka kuliko hata huyo jamaa. Alikuwa ANAIMBA. Sauti zote mbili, peke yake, kipaza sauti kiko wazi. Mimi nilidhani jamaa kasogeza mbele ili atuokoe.

Mleta uzi: Sikuwa naimba. Nilikuwa napumua kwa hisia.

KasetiIliyokwama: Ulipumua mpaka mbwa wa jirani yangu akakujibu.

MguuNjia: Mkuu, watu walilipwa ili wakuuzie tiketi, wewe unawaongezea na machozi ya bure?

ProfesaWaNukta: Marekebisho kidogo. Huo muziki haukutungwa kwa ajili ya ndege. Ni wa mtunzi Mfaransa Léo Delibes, kutoka opera (mchezo wa kuimbwa) ya Lakmé iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Paris mwaka 1883. Wanaoimba ni Lakmé na mtumishi wake Mallika, wanakwenda kuchuma maua mtoni. Hakuna anayewahi uwanja wa ndege. Toleo la kwenye tangazo lilipitia mikono ya Malcolm McLaren, yule aliyekuwa meneja wa bendi ya Sex Pistols.

Mleta uzi: Ahsante Profesa. Na hao wadada walipokuwa mtoni, kuna mtu aliwauliza maua yenyewe yanaanza lini?

SitiYaDirishani: Hahaha, huyu bado ana homa.

AbiriaMzoefu: Naomba niwaudhi wote. Hilo la sura ni la kuwaliza watu wanaolia hata kwenye harusi zisizowahusu. Tangazo ni lile la 1983, shirika hilo hilo: Manhattan nzima, kile kisiwa cha New York, inapita angani usiku kama chombo cha anga za juu, taa zinawaka, watu wa chini wanaitazama midomo wazi, na inakwenda kutua uwanja wa Heathrow, London. Kisiwa kizima kinaomba ruhusa ya kutua! Nyie mnanihadithia konyezo.

Mleta uzi: AbiriaMzoefu tuheshimiane. Kisiwa hakina jicho.

DawatiLaKona: Mimi nalikumbuka la United, shirika la ndege la Marekani, la 1990. Bosi anawaita wafanyakazi, anawaambia mteja wao wa siku nyingi kawaacha kwa sababu hawajuani tena, kazi yote imekuwa simu na faksi. Anaanza kuwagawia tiketi mmoja mmoja, nendeni mkaonane na wateja uso kwa uso. Wanamuuliza na wewe je? Anasema anakwenda kumwona huyo rafiki aliyewafukuza. Mimi bosi wangu, dawati lake na langu kuna hatua mbili, ananitumia barua pepe kuniuliza kama nimeiona barua pepe yake. Juzi alinitakia heri ya siku ya kuzaliwa kwa barua pepe, nakala kwa idara ya hesabu.

MguuNjia: Nakala kwa idara ya hesabu 😂 Walitaka kukukata miaka?

AbiriaMzoefu: Hao United ndio walioteka muziki wa Rhapsody in Blue wakaufanya wa matangazo yao. Gershwin kaandika 1924 kwa raha zake, leo ile filimbi ya mwanzo ikilia tu, mkono wangu unatafuta mkanda wa kiti cha ndege.

ProfesaWaNukta: Si filimbi, ni klarineti.

AbiriaMzoefu: Profesa, kalale.

MjaneWaPanAm: Nyie mna bahati, mnao wa kuwakasirikia. Mimi shirika langu, Pan Am la Marekani, lilikata roho Desemba 1991. Matangazo yale yote, ule mpira wa buluu kwenye mkia, namlalamikia nani? Nikiandika barua inapelekwa wapi?

KasetiIliyokwama: Pole sana. Huyo mleta uzi yeye kafiwa na sekunde kumi tu.

Mleta uzi: ZILIKUWA SEKUNDE ZENYEWE! Mnaelewa maana ya "zenyewe"? Yeye aliuliza video yenyewe, na yenyewe ndiyo ile aliyoiruka!

MguuNjia: Mimi kinachonichosha ni kwamba kwenye matangazo yote haya watu wamenyoosha miguu. Hebu nionyesheni tangazo ambalo abiria magoti yake yako kidevuni kama mimi. Na bado wa mbele anakuja kukulazia kiti.

DawatiLaKona: Usiniambie habari za watu wa kulaza viti. Alinilazia mtu, kompyuta yangu ikabanwa kama karatasi chini ya mhuri wa forodha.

Mtulivu77: Wakuu nimechelewa, nilikuwa na kazi. Nimesoma uzi wote. Mleta mada pole sana, watu wa namna hiyo hawana ustaarabu kabisa, wanatuharibia vikao. Ni nani huyo? Na kama kuna mwenye linki ya hilo tangazo aniwekee, jana sikubahatika kuona lote.

SitiYaDirishani: Naomba maji.

KasetiIliyokwama: Mleta uzi, uko wapi? Njoo upumue kwa hisia.

MjaneWaPanAm: Mimi sipo. Nilishasema mimi langu lilikata roho 1991.

Mtulivu77: Mbona kimya? Haya, na hilo la viti, mimi nalaza. Nimelipia, kinalala, nalala.

MguuNjia: KUMBE NI WEWE! Wewe ndiye unayetuvunja magoti!

DawatiLaKona: Unalaza hata wakati wa chakula?

Mtulivu77: Wakati wa chakula nauliza kwanza. Nina ustaarabu.

AbiriaMzoefu: Hakuna anayeuliza. Katika safari zangu zote sijawahi kuulizwa. Hata Manhattan iliomba ruhusa kabla ya kushuka.

Mleta uzi: Kwenye kiti namuunga mkono. Kitufe kimewekwa ili kibonyezwe.

KasetiIliyokwama: Mkuu, hebu rudia hiyo sentensi polepole.

Mleta uzi: Hayo ni mambo mawili tofauti.

MguuNjia: Tofauti iko wapi? Mimi nikiwa nyuma yako na wewe umelala, mimi ni nani?

ProfesaWaNukta: Mnajadili viti wakati suala zito ni siti ya katikati. Vile vishikio viwili vya mikono ni vya nani? Nimekaa kati ya wanaume wawili safari nzima, mikono nimeikunja kifuani kama maiti.

DawatiLaKona: Ni vya wa katikati vyote viwili. Wa dirishani ana ukuta, wa pembeni ana njia.

SitiYaDirishani: Nani kasema ukuta unashikika? Ule ukuta ni baridi, njoo tubadilishane.