Ushauri: Muvi imeniliza wiki ya tatu sasa, sijui nina shida gani

Mtoa mada

Wakuu habari zenu, naombeni ushauri na naomba msinicheke maana hata kuandika hapa nimeanza nikafuta mara tatu.

Wiki tatu zilizopita niliangalia muvi moja usiku, jina silitaji maana kuna ambao hawajaiona nisije nikawaharibia. Inahusu mabinti wawili wa tumbo moja, mdogo ana kansa, madaktari wamefika mwisho wanamrudisha nyumbani. Mi sio mtu wa kulia kwenye muvi, nimeangalia za vita, za ajali, watu wanakufa kila dakika na nikimaliza nalala. Hii nayo nilikuwa naangalia vizuri tu mpaka ikafika sehemu dada mtu anamvalisha mdogo wake soksi. Hamna muziki, hamna anayeongea. Anaikunja soksi mpaka mwisho kama anamvalisha mtoto mchanga, anaingiza vidole, anaivuta taratibu mpaka inapita kisigino, halafu anaushika ule mguu kwa mikono miwili anatulia nao hivyo hivyo. Dakika moja haifiki. Nililia mpaka pumzi ikawa haitoki vizuri, nikazima, sijaimalizia hadi leo.

Nilijua nikilala itaisha, haijaisha. Niko kazini ile sehemu inakuja, naoga inakuja, saa nane usiku naamka mwenyewe nakaa kitandani naiona. Mume wangu mwanzoni alikuwa ananibembeleza ila sasa naona kachoka, juzi kaniambia wale ni waigizaji, walilipwa wakaenda makwao. Najua ni waigizaji, ndo kinachonichanganya zaidi.

Hivi muvi inaweza kumfanya mtu mzima hivi? Kama kuna ambao yamewakuta mlifanyaje?

Kimya Kingi

Pole sana dada, hauko peke yako. Mimi iliwahi kunikaa mwezi na kitu, ilikuwa ya baba anayejua atakufa anamuandalia mwanae mambo ya mbeleni, basi nikawa kila usiku naenda kumsikiliza mwanangu kama anapumua na mtoto hana hata mafua. Siku moja nikashtuka kumbe wiki imepita sijaenda. Sikufanya chochote cha maana, iliondoka yenyewe.

Askari wa Zamu

Dada usiipe nafasi. Ifute kwenye simu, angalia vichekesho vitatu mfululizo, toka na marafiki. Ukiendelea kuifikiria ndo unaimwagilia maji.

Fundi Saa

Askari nakuheshimu ila kufuta kwenye simu ni rahisi, kichwani haifutiki hivyo, na ukimwambia mtu asifikirie kitu ndo anakifikiria zaidi.

Dada, hizo picha zinazokuja zenyewe zimefanyiwa utafiti. Mwaka 2009 kule Uingereza waliwaonyesha watu filamu yenye ajali na vifo, nusu saa baadaye kundi moja likapewa Tetris, ile gemu ya vitofali vinavyoshuka, wakacheza dakika 10 tu. Wiki iliyofuata waliocheza walijiwa na zile picha mara chache kuliko wale waliokaa bure. Maelezo yao ni kwamba tukio linahifadhiwa kichwani kwa picha, gemu nayo inatumia hiyohiyo sehemu ya kuona, kwahiyo vinagombania nafasi. Kwako ni wiki ya tatu, sikudanganyi kwamba itafuta, lakini ukiamka saa nane usikae unaiangalia gizani. Shika kitu kinachotaka macho na mikono kwa pamoja, gemu ya namna hiyo, kushona, kuchora, dakika kumi kumi na tano halafu urudi kulala.

Mama Wawili

Mdogo wangu nimesoma ulichoandika mara mbili. Muvi ya masaa mawili wewe umetusimulia dakika moja, na hiyo dakika umeisimulia kama mtu anayejua kuvalisha mgonjwa soksi. Kama hutaki usinijibu na hakuna atakayekulaumu. Ulimuuguza nani?

Mtoa mada

Mama Wawili nilisoma swali lako nikaweka simu chini, narudi sasa hivi masaa manne yamepita.

Kaka yangu. Figo. Miaka sita sasa. Mimi nilikuwa na 24 yeye 29. Alikuwa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki mpaka moyo nao ukaanza kusumbua, madaktari wakatuita wakasema mwili hauhimili mashine tena, tukarudi naye nyumbani. Mama alikuwa akiingia chumbani anatoka analia, hawezi, kwahiyo kazi ikawa yangu na wala sikuona ni mzigo, nilikuwa na daftari naandika dawa saa ngapi, maji kiasi gani maana alikuwa anakunywa ya kupimiwa, kageuzwa saa ngapi. Miguu ilivimba afu ilikuwa ya baridi hata mchana, nikawa namvalisha soksi, za bluu kuukuu zilizolegea kwa sababu zile mpya lastiki ilikuwa inambana, ukizivua unakuta mfereji umezunguka mguu mzima na unakaa muda mrefu haujapotea, nilikuwa nausugua kwa dole gumba taratibu mpaka ujae.

Siku yenyewe nilitoka kwenda kubadilisha maji ya kumfutia. Dakika tano. Narudi na beseni nakuta kimya. Sikulia, niliweka beseni chini nikaandika saa kwenye daftari. Msiba mzima sikulia, nilikuwa napanga viti, napokea watu, namshika mama, nikasikia mtu anasema huyu binti ana moyo wa jiwe. Na nyumbani wote wanajua alifia mikononi mwangu, sikusema hivyo mimi, walisema wao nikanyamaza, miaka sita nimenyamaza.

Sasa leo namlilia mtu aliyepakwa poda aonekane mgonjwa, kaka yangu wa damu sikumtolea hata chozi. Hiyo ndo inaniuma kuliko muvi.

Kimya Kingi

Dah. Pole dada yangu. Sina la kuongeza, nimekaa hapa nakusoma.

Nesi Mstaafu

Binti pole, na ahsante kwa kusema. Nimefanya kazi ya tiba shufaa miaka mingi, yaani kuwahudumia wale ambao ugonjwa wao hauponi tena, ngoja nikwambie nilichokiona.

Wanaouguza hawalii. Sio wote, ila yule mwenye daftari mara nyingi halii, kwa sababu mikono yake imejaa. Ukilia saa sita dawa ya saa sita nani atampa? Mwili unajua hilo unalisogeza pembeni, na mgonjwa akishaondoka unakuta kuna mama wa kushika na viti vya kupanga, kwahiyo zamu yako haikuisha. Kwenye muvi ndo umekaa mara ya kwanza mbele ya mgonjwa mikono mitupu. Huwezi kumgeuza, huwezi kumpimia maji, kazi ya soksi anaifanya mtu mwingine. Wewe umebaki na kuangalia tu. Hukumlilia mwigizaji binti yangu, yale machozi yana mwenyewe.

La pili, kuhusu zile dakika tano. Kufa wakati anayeuguza katoka kidogo ni jambo nimeliona mara nyingi mno, mtu kakesha siku nne kaenda kunawa uso, anarudi amekuta. Haikuwa uzembe, ulienda kumletea maji. Na jingine, kuna utafiti wa Kanada uliotoka mwaka 2020, walipima ubongo wa wagonjwa waliokuwa hawaitikii tena, wamebakiza masaa, wakakuta ubongo wa baadhi yao bado unapokea sauti. Sisi wodini tulikuwa tunafundishwa hivyo tangu zamani, endelea kuongea na mgonjwa hata kama hajibu. Kwahiyo nakuuliza, ulipokuwa unatoka na beseni ulimwambia nini?

Mama mmoja, Cicely Saunders, alianza kama nesi akasoma tena akawa daktari, mwaka 1967 akafungua hospisi ya St Christopher's pale London, yaani nyumba ya kuwahudumia wagonjwa wa namna hiyo. Alisisitiza kwamba familia nayo ni sehemu ya wanaohudumiwa, hata baada ya mgonjwa kuondoka. Kwenu mgonjwa alihudumiwa na wewe, wewe hukuhudumiwa na mtu. Mtafute mshauri nasaha, na hospitali ikiwa na kitengo cha tiba shufaa uliza hapo kama wanawapokea waliofiwa, hata kama imepita miaka. Ukiona huzuni inakushika karibu siku nzima kila siku, usingizi umekata, chakula hakipiti, au ukaanza kuwaza bora na wewe usiwepo, hilo usilisubirie, nenda kwa daktari siku hiyohiyo.

Askari wa Zamu

Dada naomba radhi kwa nilichoandika juu. Sikujua. Mimi mwenyewe nina mzee wangu sikumlilia, nilikuwa safarini, na naona leo nimejibu kama nilivyojijibu mwenyewe miaka yote.

Fundi Saa

Naongeza kimoja. Muandikie kaka yako. Kuna mwanasaikolojia wa Marekani, James Pennebaker, mwaka 1986 aliwapa wanafunzi kazi ya kuandika jambo lililowaumiza maishani, dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo, bila kujali sarufi wala nani atasoma. Mara tu baada ya kuandika walijisikia vibaya zaidi, hilo nakutahadharisha, lakini miezi iliyofuata walioandika kilichotokea pamoja na walivyojisikia walienda kwa daktari mara chache kuliko wenzao. Anza hata na ile daftari, ulishazoea kuandika saa, sasa andika ulivyokuwa unajisikia hiyo saa.

Mama Wawili

Na mume wako muonyeshe ulichotuandikia hapa. Hajachoka na wewe, kachoka kubembeleza kitu asichokijua.

Mtoa mada

Wakuu narudi kutoa mrejesho, zimepita siku tisa.

Mume wangu nilimpa simu akasoma mwenyewe, hakusema kitu, alikuja akakaa pembeni yangu mpaka usiku. Saa nane bado naamka ila sio kila siku. Nimeandika siku tatu, ya nne bado. Siku ya kwanza kweli niliumwa na kichwa kwa kulia lakini nilikuwa namlilia yeye, namuona yeye na sio yule binti, na hiyo peke yake imenipa nafuu ambayo siwezi kuielezea.

Nesi umeniuliza nilimwambia nini. Nilimwambia nakuja sasa hivi.

Jana nikampigia mama nikamwambia ukweli, kwamba sikuwepo, kwamba nilikuwa nje nabadilisha maji. Akanyamaza mpaka nikadhani simu imekata. Akasema najua, nilikuona koridoni na beseni, nikasema huyu mtoto nikimuuliza nitamuua na yeye. Miaka sita wote tunajua na kila mtu anamficha mwenzake. Tukalia kwenye simu hivyo hivyo, yeye huko mimi huku, vocha ikaisha akapiga yeye tukaendelea.

Mwisho akaniuliza zile soksi za bluu zilienda wapi maana alizitafuta sana kwenye nguo zake hakuziona. Ninazo mimi, ziko ndani ya ile daftari. Jumamosi naenda kwake, nazibeba.