Yom Kippur: sisi wageni tunafanyaje?

Kibarua_Shambani: Wakuu habari, niko Israel huku shambani, wiki ijayo ni Yom Kippur, siku ya Wayahudi ya toba na kufunga, na bosi kasema hakuna kazi kabisa. Mi Mkristo, na mimi nalazimika kufunga?

Mama_J: Hulazimiki mdogo wangu, ila nunua msosi mapema maana mchana wa kuamkia siku yenyewe maduka yanafunga, mabasi yanasimama, hadi uwanja wa Ben Gurion haurushi ndege. Barabara kuu wanabaki watoto na baiskeli zao, hata wasioshika dini wengi hawawashi gari. Ukila kula ndani, adabu tu.

Mtanga: Na sio kama Ramadhani yetu eti magharibi unafuturu, wao wanaanza jua likizama mpaka kesho yake giza liingie, masaa 25 hivi, hakuna kula hakuna maji hakuna kuoga wala viatu vya ngozi, ndo maana utaona mzee kapiga suti safi na raba za kitambaa 😂 Ila mgonjwa ambaye funga itamhatarisha anatakiwa ale, sio hiari.

Kibarua_Shambani: Aisee. Kuna jamaa tulizinguana kazini, jana kaja kuniomba msamaha nikabaki nashangaa.

Mama_J: Ndo hiyo sasa. Kwao siku hiyo inafuta makosa uliyomkosea Mungu, ila ukimkosea mtu lazima umwendee mwenyewe. Msamehe bana.