Nimeshushwa namba moja kwenye seti yangu ya hela za Mjerumani, nimfukuzie huyu aliyenipita au niache?

Hela_Moja
Wakuu habari za wikiendi. Najua wengi humu ni wa kununua na kuuza tu ila leo naomba mawazo ya wale mnaogredi, yaani mnaopeleka sarafu zikapimwe ubora na kupewa namba. Nina seti ya hela moja moja za Mjerumani, zile za shaba zenye taji upande mmoja, 1904 mpaka 1913, nyingi zilikuwa kwenye kopo la bibi yangu Kigoma zimefungwa kwenye kipande cha kanga na nyingine nimezipata kwa masonara kidogo kidogo. Mwaka juzi shemeji yangu aliyeko Ujerumani akazipeleka ofisi ya Munich ya NGC, kampuni ya kugredi sarafu, zikarudi kwenye slabu, yaani kasha la plastiki lenye lebo ya gredi, nikaziingiza kwenye rejistri yao mtandaoni, ile orodha ya kushindanisha seti kwa pointi, na siku ileile nikawa namba moja. Sitawadanganya, ile picha ya skrini nilimwonyesha kila mtu mpaka kinyozi wangu.

Mwezi uliopita nafungua nakuta niko namba mbili. Kuna mtu kaingiza seti yake nzima kwa mkupuo, kanizidi pointi chache tu. Pengo kubwa liko kwenye 1911 J, yangu ni MS63 ya kahawia (MS ni sarafu ambayo haijatumika, namba inapanda mpaka 70), yake MS65 na bado ina wekundu wekundu. Sasa kuna MS65 nyingine ipo mnadani huko kwao na bei imeshafika kama mara sita ya niliyonunulia yangu. Wife akaniuliza hizo namba mbili zilizoongezeka zinaonekana wapi, nikampa lenzi na picha ya ile ya mnadani, kaiangalia weee, akanirudishia akaenda kuepua ugali.

Ninunue?

Mgeni_Njia
Kwahiyo hela mnaifungia kwenye plastiki halafu mnashindania pointi? Zawadi nini, bodaboda?

Hela_Moja
Hahaha mkuu hakuna bodaboda. Kuna tuzo za mwaka kwa seti bora, basi. Sifa tu.

KamandaWaTanga
Usinunue kwanza, nisikilize. Mimi hii michezo nimeianza kwa sarafu za Marekani nikiwa kule, nimeunguza pesa mpaka nikapata akili. Hizi rejistri zote mbili kubwa, ya PCGS ambao ni wapinzani wao na ya NGC, zilishika kasi kuanzia 2001 hivi, na tangu hapo bei ya sarafu ya kawaida kabisa yenye gredi ya juu ikachanganyikiwa. Sarafu ileile ya MS65 unaipata kwa bei ya chakula cha mchana, ya MS67 watu wanagombana kama kiwanja cha Masaki, kwa sababu tu wapo wawili wanaotaka namba moja na zipo chache. Siku mmoja wao akichoka au akifariki, bei inarudi chini na wewe umebaki na plastiki.

Halafu umesema ni seti, je umejaza nafasi zote? Maana watu wengi wanafanya kosa hili, anaona aibu ya MS63 yake wakati ana mashimo kwenye seti. Nafasi tupu ni sifuri. Hata ukiweka XF ya kuchoka, yaani iliyokwisha kutumika, pale unapata pointi nyingi kuliko kupandisha moja kutoka 63 kwenda 65. Nenda kahesabu, zilizopigwa kiwanda cha Berlin zina herufi A, za Hamburg J, miaka mingine zilitoka zote mbili na hapo ndipo watu wanaachaga mashimo.

Hela_Moja
Mkuu umenishika. Nina mashimo manne, moja ni 1904 A. Na aibu nyingine niliificha, hiyo 1904 A ninayo kabisa ila ilirudi bila namba, wameandika tu kwamba imesafishwa. Kabla ya kuipeleka niliisugua kwa limau na majivu ing'ae nikidhani ndo nawasaidia. Iling'aa kweli, kama sufuria ya harusi. Haikunipa hata pointi moja.

KamandaWaTanga
Limau na majivu 😂😂 mzee wangu. Ile kahawia uliyoitoa ilichukua miaka mia kujitengeneza na wao wanailipia hiyohiyo.

binti_wa_forodhani
Mimi naona mnamdanganya kidogo. Kaka, hiyo namba moja ya mwanzo haikuwa ya ushindi, ilikuwa ya kuwahi. Sarafu zetu hizi watu wachache ndo wamezipeleka kugrediwa, kwahiyo ukiona kwenye ripoti yao ya hesabu ya sarafu walizogredi kwamba yako ndo ya juu kuliko zote usivimbe kichwa, maana yake labda aliyenayo bora zaidi kaiweka kwenye droo hajui hata kama kuna gredi. Wajerumani wanazo nyingi za familia, babu zao walikuwa huku. Kila zinapofunguliwa droo mbili tatu unashuka tena. Na zile hesabu nazo si za kuamini sana, kuna watu wanavunja slabu wanairudisha sarafu ileile mara tatu wakitafuta gredi ya juu, lebo za zamani hawarudishi, inahesabika sarafu tatu kumbe ni moja.

Mimi nina pysa za Sultani Barghash wa Zanzibar, zile za mwaka 1299 wa Kiislamu zenye mizani, ziko kwenye bahasha za karatasi na kila Ijumaa namtolea mwanangu anazishika. Ukishaweka kwenye slabu huwezi tena kusikia uzito wake mkononi.

Hela_Moja
Dada hapo kwenye uzito umenigusa, maana bibi alikuwa anatuhesabia kwa kuziangusha sakafuni tusikilize mlio. Na neno lenyewe hela si ndo hilo heller la Mjerumani, tunalisema kila siku dukani bila kujua.

Mgeni_Njia
Ee kumbe! Hiyo sikujua aisee. Haya naendelea kusoma.

KamandaWaTanga
Binti yuko sawa na ndo maana nasema usishindane na droo za watu. Hata Marekani kwenyewe, kuna tajiri wa Utah anaitwa Dell Loy Hansen alijitosa kukusanya sarafu zote za Marekani amfikie Louis Eliasberg aliyekamilisha yake 1950. Ukikutana na mtu wa namna hiyo kwenye seti yako unakaa pembeni unapiga makofi.

Ila ukitaka kushindana bila kufilisika kuna njia za kihuni ninazozipenda. PCGS wana seti za watu wa kawaida ambazo mwisho ni AU58, gredi ya chini kidogo tu ya MS, aliyenunua MS hapati kitu cha zaidi. Na wana za kinyume kabisa, mshindi ni mwenye sarafu iliyochakaa kuliko zote, gredi PO1, yaani imelika mpaka unabahatisha kuisoma mwaka. Nakuapia kuna watu wanatafuta hizo usiku na mchana. Tatizo PCGS hawapokei slabu ya NGC kwenye rejistri yao, itabidi uvunje au uombe wakuvushie kwenye slabu yao, na wakikuvushia wanaweza kukushusha gredi.

Hela_Moja
Kuvunja hapana, nimeshatoboka mfuko vya kutosha. Basi ile ya mnadani naiacha, nijaze mashimo. Na za pale kwenye kopo zilizobaki kuna moja imelika kama kifungo cha shati, nilitaka kuitupa jamani.

KamandaWaTanga
Usiitupe! Na mimi nina 1904 A ya ziada, VF (chini ya XF), ya kahawia safi, haijawahi kuguswa. Nije PM tubadilishane na hicho kifungo. Ila limau lifungie kabatini.